Rangi Isiyobanduka

Wapo watu wanaodhani rangi ni rangi. Wanaingia dukani, wanaelekeza kidole kwenye kopo lenye picha nzuri, wanakwenda kupaka injini ya gari kama wanavyopaka mlango wa choo, na baada ya wiki mbili injini imeota magamba kama ngozi ya mwenye upele. Halafu wanamlaumu fundi. Kasonia aliwachukia watu hao kwa moyo wake wote. Miaka ishirini na sita alikuwa mpaka rangi wa injini mjini Butembo, mashariki ya Kongo, na si wa kitu kingine. Mlango wa parokia aliukataa. Kibao cha duka la shemeji yake Mathe alikikataa pia, na Mathe akanuna mwaka mzima.

"Miye ni wa moto," alikuwa akisema. "Rangi yenye hapana jua moto, hapana yangu."

Kila kiungo cha injini kina joto lake, na kila joto lina rangi yake. Bloki, yaani mwili wenyewe wa injini, linachemka kama sufuria ya chai na halizidi hapo sana, kwa hiyo linatosheka na rangi nzuri ya mafuta juu ya ile nyekundu ya kuzuia kutu. Kolekta, lile bomba linalopokea moshi ukiwa bado moto mtupu, linaweza kuwa jekundu kama kaa. Ukilipaka rangi ya mafuta, inageuka masizi kabla dereva hajapanda kilima cha kwanza. Pale inatakiwa rangi ya fedha, ile inayostahimili tanuri, tena bila rangi ya chini, nyembamba kama jasho, ikaushwe kwa moto kidogo kidogo. Aluminiamu haishiki kitu usipoikwaruza kwanza. Na pale chuma kinapokutana na chuma hupaki kabisa, hata mwenye gari awe askofu.

Kopo nalo hakuliamini hata siku moja. Wachuuzi wa rangi, Mungu awasamehe maana Kasonia hakuwasamehe, walijua kufungua kopo, kupunguza rangi, kujaza petroli na kulifunga tena hata mwenye kiwanda asitambue. Kwa hiyo kabla ya kugusa injini ya mtu, Kasonia alipaka kwanza kipande cha bati nene, akakiacha kikauke siku nzima, kisha akakiweka juu ya mbabula, jiko la makaa la mkewe Kavuo, akakaa kando kuangalia. Rangi ya uongo hutoa mapovu. Rangi ya kweli hunuka, hubadilika kidogo, halafu hutulia.

"Papa Précieux, maharagi yangu inanuka gari!" Kavuo alikuwa akipiga kelele, akimwita mumewe kwa jina la mtoto wao wa kwanza.

"Vumilia, Mama Précieux. Kama rangi ni ya kufa, ikufie hapa kwetu, hapana kwa gari ya mutu."

Bloki alilipaka kijani. Si kijani cha dukani, bali chake, alichokichanganya mwenyewe kwa kijani cha trekta, nyeusi kidogo na fedha kidogo. Mafundi wote wa mji walikijua. Ukifungua boneti ya lori popote kati ya Luofu na Beni ukakuta rangi ile, hukuuliza imepakwa na nani. Waliiita kijani cha Kasonia, naye alijifanya hasikii, lakini alisikia vizuri sana.

Vita ya kwanza ilipita Butembo kama mvua ya mawe, ikapiga na kwenda zake. Ya pili ilikuja ikakaa. Leo askari hawa, kesho wale, na kila aliyekuja alipenda magari. Matajiri wa mji wakawa wanazika pampu za injini zao mashambani na kuficha magurudumu kwenye mapaa ya nyumba, ili lori lionekane mzoga. Ndiyo maana kazi ya Kasonia ikafa. Nani anapamba injini aliyoifunika kwa majani ya migomba?

Edmond peke yake, mfanyabiashara wa maharagwe, alikataa kuficha lori lake la Benz. Alisema gari lililofichwa ni chuma tu. Dereva wake alikuwa Précieux, mtoto wa kwanza wa Kasonia na Kavuo, kijana wa miaka ishirini na minne, mwenye kucheka hata pasipo cha kuchekwa. Mwezi wa tatu mwaka elfu mbili alipakia maharagwe na viazi Luofu, akapita Butembo kusalimu nyumbani, akala bugali na sombe, mboga ya majani ya muhogo, akiwa amesimama, akaondoka kuelekea Beni ili arudi na mafuta ya mawese. Hakurudi. Walimwona mara ya mwisho kwenye kizuizi cha askari, barabara ya kwenda Mangina, njia ambayo hakuwa na safari nayo. Lori likapotea na mtu akapotea.

Miezi kumi na moja Kavuo alikataa matanga. Majirani walikuja mara ya kwanza na kuni na unga, tayari kukaa msibani, akawarudisha mlangoni. "Hapana lilia mutu mwenye iko mu njia," aliwaambia. Kila mwezi alikwenda parokiani kuomba misa, na kila mwezi katekista alimwuliza, mama, misa ni ya marehemu au ya shukrani? Naye alijibu, ni ya msafiri. Katekista alikuwa na daftari lenye safu mbili tu, na msafiri hakuwa na safu. Kavuo alikonda. Alikuwa akianza kupika akaacha sufuria motoni, akaenda kusimama barabarani kila lori liliponguruma kwenye kilima. Usingizi ulimkimbia kabisa. Kasonia alimwona anavyokwisha, na hakukuwa na kitu duniani alichokitaka zaidi ya kujua mwanawe alipo, mzima au maiti, ili mke wake apate kulala.

Siku moja ya Jumatatu asubuhi, mwezi wa pili mwaka elfu mbili na moja, askari alikuja na pikipiki.

"Muzee, ni weye unapakaka moteur? Komanda Radar anakuita Beni. Beba vyombo."

Kavuo alitoka mlangoni. "Munamurudisha lini?"

"Akimaliza mosala."

Mosala ni kazi. Na mtu mwenye bunduki anayekuambia kwa Kilingala kwamba una kazi hakuulizi kama unaitaka. Kasonia alibeba makopo yake, brashi, msasa, brashi ya waya, na kopo dogo la rangi ya fedha ya moto, lililotoka Kampala kabla barabara haijaharibika. Lile hakuwahi kulifungua. Injini ya kustahili haikuwa imetokea.

Beni walimpeleka kwenye ua wa ghala la zamani la kahawa. Lori lilikuwa katikati ya ua, bodi yake nyeupe pepepe, imepakwa juzi. Komanda Radar alikuwa mtu mnene mwenye sauti ndogo. Alishuka barazani na chupa mkononi, akalipiga lori kofi kama mtu anayepiga ng'ombe anayemuuza.

"Huku inje bameshapaka. Nimebakiza moyo. Mutu ya kununua anatoka ng'ambo vendredi. Akifungua capot, donc, aone moteur ya usine. Grise, propre. Unasikia, vieux? Rangi ni ile pale."

Kasonia alisikia: mnunuzi Ijumaa, na chini ya boneti injini ya kijivu, safi, kama imetoka kiwandani. Hakuuliza lori limetoka wapi, maana swali hilo mwaka ule liliwahi kuwamaliza watu wenye nguvu kuliko yeye. Alifungua boneti. Injini ilikuwa imepakwa tope na mafuta machafu, si uchafu wa barabara, uchafu wa kusudi. Akaanza kuosha kwa petroli, kutoka chini kwenda juu kama desturi yake.

Chini ya starta, mahali ambapo wapakaji wavivu hawafiki na brashi, kijani kikatokea.

Alijiambia kijani ni kingi duniani. Akaendelea kuosha polepole, ubavu wa bloki, kisha juu, hadi kwenye kifuniko cha vali. Pale ukingoni tope lilipotoka, akaona kidole gumba.

Ilikuwa hivi. Krismasi mbili nyuma Edmond alileta Benz yake ipakwe upya, na siku hiyohiyo akampa Précieux funguo awe dereva. Kijana hakuweza kungoja. Alikuja akagusa kifuniko kabla rangi haijakauka, na gumba lake likabaki pale, na ule mstari wa kovu lililomkata akiwa mdogo akimenya muwa kwa panga. Kasonia alimtukana siku ile hadi majirani wakatoka kuangalia. Alitaka kukwangua arudie, lakini Edmond alikuwa na haraka ya Luofu. Précieux akacheka tu. "Acha, papa. Ni signature."

Sasa Kasonia aliweka gumba lake juu ya lile, na chuma kilikuwa baridi. Alitaka kulia, lakini uani mlikuwa na askari saba. Alijua mwanawe amekufa. Alikuwa akijua miezi yote, lakini kuna kujua kwa usiku na kujua kwa mkono.

Angeweza kupaka akaenda zake. Angeweza kufanya hivyo kwa ubaya pia. Kopo aliloletewa na komanda lilikuwa rangi ya mapaa, nyepesi, tena imechanganywa na petroli, aliinusa tu akajua. Angeipaka juu ya mafuta bila kukwaruza, ingeng'aa siku tatu, kisha moto wa injini ungeibandua yote, na kijani cha Kasonia kingetokea mbele ya watu, hata kama ni ng'ambo, na madereva wanasafiri na maneno yanasafiri. Alifikiria hivyo kwa muda wa kuosha kolekta. Lakini aibu ya komanda isingemlaza Kavuo usingizi.

Alikwenda barazani akiwa ameshika kopo.

"Afande, rangi hii ni ya manyumba. Leo itakamata, kesho moto itaiunguza, ya chini itaonekana. Na ya chini, kila mutu wa garage kutoka huku mpaka Butembo anaijua."

Komanda alimtazama. "Inaonyesha nini?"

"Inaonyesha kama ni miye niliipakaka."

Askari mmoja aliinuka, komanda akamwashiria akae.

"Miye niko na rangi yenye hapana itoka," Kasonia akasema. "Hata bachome gari yote, itabakia. Nitakufanyia vile hata miye mwenyewe nisiijue. Lakini utaniambia dereva iko wapi. Hapana nauliza nani alifanya nini. Mwili tu. Mama yake hapana lala."

Komanda Radar alinywa, akafuta mdomo. Labda alifikiria kumpiga risasi. Labda alifikiria Ijumaa, na kwamba wapakaji wengine wa injini walikuwa wamekimbilia Kasese. Kisha akacheka kidogo, kile kicheko cha mtu aliyeuziwa kitu rahisi.

"Likambo te, hakuna neno, vieux. Fanya mosala kwanza. Ukimaliza, nitakupatia mutu wako."

Siku tatu Kasonia alifanya kazi ambayo hajawahi kuifanya tena. Aliosha kila chuma kwa petroli, kisha kwa maji ya moto na majivu, akakausha. Alikwangua kijani chake mwenyewe hadi chini ya starta, hadi nyuma ya pampu, hadi mahali ambapo mnunuzi yeyote angehitaji kung'oa injini ndipo aone. Alichanganya kijivu mara tano, akapaka vipande vya bati, akavitia kwenye mbabula wa mke wa askari mmoja, akatupa vinne akabaki na kimoja. Bloki alilipaka nyekundu ya kutu kwanza, kisha kijivu mara mbili. Kolekta akalikwangua hadi chuma cheupe, akafungua lile kopo la fedha la Kampala, akalipaka rangi nyembamba, akaiwasha injini dakika kumi, akaizima, akangoja ipoe, akaiwasha dakika ishirini. Kifuniko cha vali alikiacha mwisho. Alizunguka kila mahali pengine kwanza. Jumatano jioni hakukuwa na mahali pengine, akachukua msasa, akaanza pembeni, na gumba likaondoka kwa mizunguko kumi na minne. Aliihesabu.

Kila fundi wa Butembo anaijua desturi, na wengi wao waliifundishwa na Kasonia mwenyewe, kwamba injini haitoki mikononi mwako kabla mwenye gari hajatimiza lake. Unabaki na skrubu moja mfukoni, unabaki na bomba moja, unabaki na chochote. Naye Alhamisi akaikabidhi nzima, imekauka, imechemshwa mara tatu, haina povu hata moja. Mikono yake haikujua kuacha kazi nusu. Ujinga wa mtu mwema ndio huo, na vita ile ilijengwa juu yake.

Komanda alipitisha leso juu ya kifuniko, akaiangalia, ilikuwa safi. "Uko artiste," akasema. "Samedi, kwa kanisa ya Mangina, kaporali wangu atakungoja. Kuja na mutu wa kuchimba."

Kasonia aliagiza Butembo aitwe Mathe, shemeji yake, kaka wa Kavuo, naye akaja na baiskeli, majembe mawili na shuka jeupe. Ijumaa lori liliondoka Beni na mnunuzi wake kuelekea mpaka, na komanda akaenda nalo. Jumamosi asubuhi kaporali aliwakuta Mangina kama ilivyosemwa, akawatangulia hadi upande wa Mabalako, akaingia shamba la kahawa lililoachwa bila kupaliliwa, na hatua chache kutoka barabarani akaelekeza kidole ardhini.

"Ni hapa," akasema, akageuka akaenda bila kuaga.

Walichimba kwa zamu. Mche wa mbuni ulikuwa umeota pale, mdogo, wenye majani mabichi, Mathe akaung'oa kwa mkono. Walipofika kwenye kitambaa Kasonia alimwambia shemeji yake apande juu apumzike, akashuka shimoni peke yake. Ni kazi ya baba, akasema. Alifukua kwa viganja. Nyama ilikuwa imekwisha, nguo imekuwa udongo. Alisafisha kichwa taratibu kama alivyosafisha kile kifuniko, na taya lilipotoka akaona jino la chuma.

Lilikuwa upande wa kushoto, la kijivu, kazi ya daktari wa meno wa bei nafuu. Kama lingekuwa la dhahabu lingekuwa limeshang'olewa zamani. Précieux alikuwa na meno yake yote, meupe, yenye nguvu, ya kufungulia chupa za bia huku mama yake akimkemea kwamba yatavunjika. Hayakuvunjika hata moja.

Kasonia alibaki amechuchumaa. Alitazama juu, kwenye shamba, na alichokuwa amekipuuza akija, sasa alikiona. Ardhi ilikuwa imebonyea mahali pengine, na pengine, na pengine tena, kila mahali mbuni mdogo umeota bila mtu kuupanda. Walikuwa wamempa shimo lililo karibu na barabara. Pengine kaporali hakujua. Pengine hakuna aliyejua, nani anaandika majina? Hasira ilimpanda hadi macho yakaona giza, kisha ikashuka, kwa sababu hapakuwa na wa kumkasirikia. Komanda alikuwa ng'ambo, akiuza rangi isiyobanduka.

"Semeki," Mathe alimwita shemeji yake kutoka juu. "Ni yeye?"

Kasonia alimfikiria Kavuo amesimama barabarani na sufuria inaungua ndani. Alifikiria atarudi na baiskeli tupu, amwambie nini, kwamba mwanao yuko katika moja ya mashimo yale, au hayupo hata moja? Kwamba nimefuta kidole chake kwa mkono wangu, na nimelipwa hivi?

"Nipatie shuka," akasema.

Alifunga taya kwanza, jino lisionekane.

Butembo walifika siku ya tatu, wamesukuma baiskeli njia nzima, na mzigo wao ulikuwa mwepesi. Kavuo alikuwa amesimama barabarani. Hakupiga kelele. Alimtazama mumewe usoni, na Kavuo hakuwa na tabia ya kuuliza jambo mara mbili.

"Papa Précieux. Ni yeye?"

"Ni yeye."

"Nimuone."

"Hapana fungua, mama. Baki na sura yake ile ya zamani."

Akamwamini. Miaka ishirini na sita ya ndoa hakuwahi kumkuta na uongo, hata wa kusifia mboga isiyokolea. Akaanguka juu ya shuka lile akalia kilio cha miezi kumi na moja, na majirani wakatoka nyumba zote na kuni zao na unga wao, kana kwamba walikuwa wamekaa nyuma ya milango wakingoja. Matanga yakawa makubwa. Edmond alileta mchele na gunia la sukari, akamkumbatia Kasonia mbele ya watu. "Gari ni chuma tu," akamwambia kwa machozi. "Mutoto ndiye mali." Kasonia akala mchele wa Edmond kwa mkono uliolipaka lori lake kijivu. Katekista akaandika jina la Précieux kwenye safu ya marehemu. Padri akazika.

Na Kavuo akalala. Usiku wa kwanza baada ya maziko alilala hadi jua likawa juu, mdomo wazi, kama mtoto. Siku ya nne aliomba chumvi kwenye mboga. Siku ya sita alimcheka jirani mmoja aliyekosea wimbo. Kasonia alimtazama akipona, akafurahi, lakini furaha hiyo ilikuwa na bei. Maana sasa hata kumtafuta Précieux hakuweza tena. Nani anatafuta mtu aliyezikwa na padri? Angemwuliza nani kwenye kizuizi gani? Mwanawe alibaki porini milele, na aliyemwacha huko ni baba yake.

Siku ya tisa, watu wakiwa wamepungua, mwanamke mgeni aliingia uani. Alikuwa amevaa kitenge cha heshima na viatu vyake ameviweka mkononi kwa ajili ya tope. Alijitaja kwa jina la Agar, ametoka Vuhovi kwa miguu. Kavuo alimpa kiti, maji, na sahani ya maharagwe, kama mgeni yeyote wa msiba. Alikula kidogo kwa adabu, kisha akaweka sahani chini.

"Mama, pole ya mutoto. Mbele sikujua namna ya kuja. Banasema mu Vuhovi kama papa huyu alisemaka na komanda, bakamupatia mwili. Bwana yangu alienda kununua kahawa kule Mabalako, sasa mwaka na miezi mbili. Ni Protestant, mutu wa kuimba chorale kanisani. Hapana na bunduki, hapana na neno." Alikunja kitenge chake, akakikunjua. "Nilikuwa nawaza, papa, pale ulichimba. Pengine uliona na wengine. Yeye ni rahisi kumujua. Iko na jino ya chuma, huku kushoto. Tuliiweka Oicha, tukicheka kama sasa anatafuna kama tajiri."

Kavuo alimshika mkono. Uso wake ulikuwa umejaa, wa mtu anayelala. "Mungu atakuonyesha wako, dada, kama alinionyesha wangu," akasema. Kisha akamgeukia mumewe. "Papa Précieux, ni weye ulishuka mu shimo. Uliona mutu kama ule?"

Kaburi lilikuwa nyuma ya nyumba, na maua juu yake bado hayajakauka yote. Agar angeweza kulifikia kwa hatua ishirini. Kasonia aliwatazama wanawake wawili walioshikana mikono, akaona kwamba ana mfu mmoja tu wa kuwapa, na kwamba yeyote atakayempa, mwenzake atatoka hapo akiwa amefiwa upya na hana hata udongo wa kuulilia. Alitafuta neno lingine. Alitafuta kwa bidii, Mungu ni shahidi, kama alivyowahi kutafuta kijivu kile mara tano.

"Hapana," akasema. "Hapana niliona."

Agar aliinamisha kichwa. Hakulia, alikuwa amezoea jibu hilo. Kasonia akamsindikiza hadi barabarani, maana ndiyo desturi, na alipouliza afuate njia gani akamwelekeza: Beni, Mangina, kisha mashamba ya kahawa, aulize hukohuko. Mwanamke akavaa viatu vyake. Alimshika Kasonia mkono kwa mikono yake yote miwili, akapiga goti kidogo kama wanavyofundishwa mabinti wa Vuhovi.

"Aksanti sana, papa," akasema. "Wengine hata mulango hapana banafungua."